Nia Niliyokwenda Nayo Kumwosha

Kwa miaka saba sikuzungumza na mwanamke ambaye hapo zamani nilimwita dada. Alipofariki, mimi ndiye niliyemwosha, na akina mama wa hapa Birmingham walinisifu sana kwa jambo hilo. Sifa ile haikuwa yangu. Nilijaribu kuirudisha, na katika kuirudisha nikamuumiza mtu mwingine.

Tulikutana mtaa wa Hockley, katika karakana ndogo ya kushona sare za shule. Mimi ni Msomali niliyelelewa Nairobi, na wakati huo nilikuwa nimetoka Uholanzi nikiwa na watoto watatu na Kiingereza cha kuombea maji tu. Siku ya kwanza uzi ulinikatikia mara nne. Mara ya nne nikalalamika kwa Kiswahili, chini chini, nikidhani hakuna anayenielewa. Mwanamke wa cherehani ya pili akageuka.

"Huo uzi wauvuta sana, mwenzangu," akasema, kwa Kiswahili laini cha Mombasa. "Ulegeze kidogo. Na wewe ulegee, hapa hakuna anayekukimbiza."

Tangu siku hiyo tulikula pamoja na kuswali kwa zamu nyuma ya majora ya vitambaa, mmoja akiangalia cherehani za wote wawili. Nilipojifungua mtoto wangu wa mwisho, yeye ndiye aliyekuja kunikanda na kunipikia uji, akitoka kwake Newtown kwa basi kila asubuhi kabla ya kazi. Hakuwa na watoto. Alikuwa na dada mmoja tu, naye wakati huo alikuwa bado Kenya. Nadhani ndiyo maana alinichukua mimi.

Kisha binti yangu mkubwa akaondoka nyumbani. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Baba yake alikuwa amekubali kumwoza kwa binamu yake aliyekuwa Norway, na binti hakutaka. Asubuhi moja tulikuta kitanda kimetandikwa na nguo zake hazipo. Watu tuliwaambia amepata nafasi chuoni, mji mwingine. Ukweli nilimwambia mtu mmoja tu, rafiki yangu, nikilia begani mwake wakati wa mapumziko.

Haikupita wiki mbili, mwanamke ambaye sikumjua vizuri akanishika mkono dukani, Alum Rock. "Pole kwa mambo ya binti," akaniambia. "Tunakuombea arudi nyumbani."

Nilitoka pale bila kununua kitu. Njia nzima nilikuwa nahesabu ni nani aliyejua, na kila nikihesabu napata jina moja. Mume wangu naye alisikia msikitini, akarudi nyumbani akanitazama kama mtu aliyevuliwa nguo mbele za watu. Sikumwuliza rafiki yangu chochote. Kesho yake niliomba nihamishiwe cherehani ya upande wa pili, na mwezi haukuisha nikaacha kazi ile kabisa. Alipiga simu, sikupokea. Alikuja mlangoni, nikamtuma mwanangu aseme sipo, huku viatu vyangu vikionekana pale pale mlangoni.

Mara ya mwisho tulipozungumza ilikuwa dukani. Nilikuwa nachagua ndizi mbichi, nikasikia salamu nyuma yangu.

"Nimekukosea nini?" akaniuliza. "Niambie, hata kama ni kubwa."

"Unajua ulichofanya," nikamjibu. "Mimi na wewe tutakutana mbele ya Mungu."

Alihamisha mfuko wa vitunguu mkono wa pili. "Basi na iwe kheri," akasema. "Na huko nako nitakusalimia."

Nililipenda sana neno langu lile. Nililibeba miaka saba. Kila nilipokumbuka aibu ya mume wangu na chumba cha binti yangu kilichokuwa kitupu, nilijiliwaza nalo. Nilikuwa nikiiwaza Siku ya Kiyama kama baraza ambalo mimi nimeketi upande wa mlalamikaji, nimejifunga mtandio vizuri, na yeye amesimamishwa peke yake mbele ya viumbe wote, siri yake inatolewa. Tangu utotoni madrasa nilikuwa nimefundishwa kwamba siku hiyo vifua vitafunuliwa. Kwa miaka saba haikunijia hata mara moja kwamba changu pia ni kifua.

Nilisikia anaumwa. Nilisikia kwamba dada yake amepata njia ya kuja, anakaa naye Newtown kumuuguza. Basi langu la kwenda kazini, maana wakati huo nilikuwa nimeshaanza kupika katika jiko la shule, lilipita karibu na ghorofa lake kila siku. Nilikuwa nikiinua macho nikitafuta dirisha lake, halafu nayashusha kwenye simu. Nilijiambia nina kazi. Nilijiambia pia, na hili sikumwambia mtu, kwamba huenda Mungu ameanza hesabu mapema.

Habari ya kifo ilifika asubuhi katika kundi letu la WhatsApp la akina mama. Tulikuwa tunamenya viazi. Nilifuta mikono kwenye aproni, nikasoma, nikasema maneno tunayosema sote tukisikia msiba. Chini ya tangazo mtu aliuliza nani wataosha. Mimi nilikuwa nimejifunza kuosha maiti kwa miaka kadhaa chini ya mama mmoja wa Kizanzibari tunayemwita Mwalimu, na nilikuwa nimeshaosha kama wanane hivi. Hazikupita dakika tano nikaandika: Mimi nitakwenda, inshallah.

Simu ikaanza kutetemeka. Moyo mwekundu, mikono ya dua, moyo tena. Wengi walijua hatusemezani. Mmoja akaandika, Mashallah, huu ndio Uislamu. Mwingine akaandika, Umetufundisha leo.

Sasa niseme kilichokuwa moyoni. Vilikuwa vitu viwili. Cha kwanza ni hizo sifa walizonipa: nilitaka waone kati yangu na yeye nani mkubwa. Cha pili ni kibaya zaidi. Sisi wanawake tunaoosha tunasimuliana mambo, ingawa tumekatazwa. Tunasema maiti fulani uso wake uling'aa, fulani alikuwa anatabasamu, fulani mwingine Mungu amsitiri. Nilitaka kuona uso wake. Nilitaka niwe pale shuka litakapofunuliwa, nione kama Mungu amenipa haki yangu.

Niliomba ruhusa kazini, nikaenda.

Chumba cha kuoshea kiko nyuma ya msikiti, kina meza ya chuma iliyoinama upande mmoja na mpira wa maji ukutani. Tulikuwa watatu: Mwalimu, mimi, na mama mmoja wa makamo ambaye ni muuguzi. Tulivaa glavu na aproni za plastiki. Mwalimu alijaribu maji kwa kifundo cha mkono wake, kama mtu anayetaka kumwogesha mtoto mchanga, akachanganya unga wa majani ya mkunazi kwenye ndoo.

"Haya, kila mtu atie nia yake," akasema. "Mimi siisikii ya mtu."

Nilisema bismillahi kwa ulimi. Macho yangu yalikuwa kwenye shuka.

Mwalimu akalifunua usoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote isipokuwa lile nililoliona. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka, basi. Haukung'aa wala haukuwa na giza. Nyusi zake zilikuwa zimeisha kwa dawa, midomo imekauka, na pembeni mwa jicho la kushoto kulikuwa na ule mkunjo wake wa kucheka. Nilikuwa nimeusahau mkunjo ule. Nikasimama pale, glavu zangu zikidondosha maji sakafuni.

"Mwanangu," Mwalimu akaniita, "shika kichwa."

Nikashika kichwa. Kilikuwa chepesi. Tukamtia udhu, tukaanza upande wa kulia kama inavyotakiwa, chini ya shuka, bila kumwacha wazi. Mkononi bado alikuwa na utepe wa hospitali, na muuguzi akaukata kwa mkasi. Gundi ya plasta ilikuwa imebaki kwenye ngozi, nikaisugua kwa kidole, polepole, mpaka ikatoka. Nikagundua nasugua kwa uangalifu ule ule aliosugulia mgongo wangu nilipokuwa mzazi.

Kuna kitu nilikiona mwilini mwake ambacho sitakiandika. Hakikuwa alama ya kheri wala ya shari. Lilikuwa jambo lake tu, jambo alilolificha maisha yake yote, ambalo hata miaka ile tulipokuwa kama ndugu hakunionyesha. Mwalimu aliniona nimeona. Alivuta shuka inchi mbili, akaendelea kumwaga maji. Wakati huo nilielewa kwamba nilikwenda pale kumfunua mtu. Hakuna aliyejua. Mikono yangu ilikuwa inafanya kila kitu sawasawa, na mtu angenitazama angesema huyu anamcha Mungu. Nilitaka kubadilisha nia yangu pale pale. Nilisema moyoni, Ya Rabi, sasa namwosha kwa ajili yako. Lakini nilisema kama mtu anayejifanya hakuwa amelala, na sijui kama ilipokewa.

Maji ya mwisho yalikuwa na kafuri. Tukamkausha, tukamvisha sanda, tukamfunga.

Dada yake alikuwa kwenye kiti nje ya mlango. Ni mdogo wake kwa miaka mingi, mwanamke mwembamba mwenye macho kama ya marehemu. Aliponiona aliinuka akanikumbatia, aproni yangu ikiwa bado imelowa.

"Mimi nisingeweza kumwosha," akasema. "Nilikuwa naitafuta namba yako asubuhi, nikaona umeandika mwenyewe kwenye kundi. Nililia. Alikuwa ameusia, dada. Alisema uwe wewe."

"Alisema mimi?"

"Nilimwuliza, si hamsemezani? Akaniambia: ana hasira na mimi, sijui kwa nini, lakini yule ni mtu wa kustiri. Hata akinichukia hawezi kunivua heshima."

 Nakumbuka niliingia chooni, nikafungua bomba ili nisisikike.

Kama ingeishia hapo ningebaki na dhambi moja. Baada ya siku kadhaa, mama anayesimamia darsa la akina mama alinipigia akaniomba niseme maneno machache kuhusu kusamehe. Nilipaswa kukataa. Nilikataa mara moja, kwa sauti ya mtu anayetaka kubembelezwa, naye akanibembeleza. Nikasimama mbele ya wanawake kama thelathini, chai na mandazi vikiwa nyuma, nikawaambia jinsi moyo unavyokuwa mwepesi ukiacha kinyongo. Sikusema uongo hata kidogo ukichukua neno moja moja. Nilisema nilimwosha, nikasema aliusia mimi, nikasema nililia. Wakalia na wao. Nami niliposikia mtu anapenga kamasi kule nyuma, nilihisi utamu kifuani, na huo utamu niliufuata kwa sentensi nyingine nzuri zaidi.

Siku mbili baadaye, bibi mmoja aliyekuwa pale alinipigia simu. Alikuwa amekwenda kupatana na ndugu yake ambaye hawakuonana tangu walipowazika wazazi wao. "Ni maneno yako, mwanangu," akaniambia. "Mungu akulipe." Nilimshukuru. Nikakaa kwenye ngazi za nyumbani, simu mkononi. Dua ile ilinitisha. Kulipwa ndiko nilikokuwa nimeanza kukuogopa.

Nilikwenda kwa Mwalimu. Alikuwa anapalilia bustani yake ndogo nyuma ya nyumba, amevaa buti za mvua. Nikamweleza yote, pamoja na habari ya uso. Aliendelea kung'oa magugu mpaka nikamaliza.

"Nia yaweza kutengenezwa baada ya kitendo kupita?" nikamwuliza.

"Wanipa mimi nikuhukumie?" akasema. "Moyo huo si mimi niliyeuumba. Tubia kwa Mola wako, muombee mwenzako, na jambo hili lifunike. Usimpelekee mtu."

"Lakini dada yake anadhani..."

"Nimekwambia lifunike."

Sikumsikiliza. Nilijiona kama naishi na uongo. Kila nilipokutana na dada wa marehemu alinishika mikono yote miwili, akaniita dada, akaniuliza hali ya watoto wangu. Wema wake ulikuwa unanichoma. Miezi mitatu baada ya mazishi nilipanda lifti ya lile ghorofa la Newtown ambalo sikulipanda mgonjwa alipokuwa hai. Alinikaribisha, akaweka chai ya maziwa na kaimati. Maboksi yalikuwa yamefungwa, maana alikuwa anatakiwa kuirudisha nyumba kwa halmashauri iliyompangisha dada yake. Nikamwambia. Nilimwambia kwa nini niliandika kwenye kundi, na nilikuwa natafuta nini kwenye uso wa dada yake.

Hakunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza, "Kwa nini umeniambia?"

"Nilitaka ujue ukweli."

"Hapana," akasema. "Ulitaka wewe ulale."

Nikakishika kikombe changu cha chai.

"Dada yangu alikufa akiamini kuna mtu mmoja katika mji huu atakayemtazama kwa jicho zuri," akasema, hakupandisha sauti. "Na mimi nilikuwa naamini pamoja naye. Ndicho nilichobaki nacho nikifunga haya maboksi. Ungeniachia."

Alichukua kikombe changu, chai ikiwa haijafika nusu, akakimwaga kwenye sinki. Nikavaa viatu. Mlangoni nilimwambia anisamehe. Akasema, "Nitajaribu," akafunga mlango bila kuubamiza. Sasa anaishi Leicester, nasikia. Nimempigia mara mbili, hakupokea, na sitampigia tena mpaka atake mwenyewe. Kutubu kwangu nako kulikuwa na nia nyuma yake, na nia hiyo yeye aliiona kabla yangu.

Binti yangu alirudi kwetu polepole, miaka mingi baadaye, kwanza kwa simu, kisha kwa ziara za Jumapili. Sasa ana mume wake aliyemchagua, na baba yake anamkaangia sambusa mwenyewe. Anaelewa Kiswahili chote ila anajibu kwa Kiingereza. Jumapili moja, tukiwa tunakunja nguo, nilimsimulia habari hii. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nilikuwa na uhakika kwamba ni rafiki yangu aliyetoa siri.

"Nani mwingine? Nilimwambia yeye tu."

"Wewe ulimwambia yeye tu," akasema. "Mimi niliwaambia watu watano wiki ile. Mmoja mama yake anaishi barabara ya pili kutoka hapa. Hukuwahi kuniuliza."

Aliendelea kukunja taulo. Mimi nilikaa kitandani. Mpaka leo sijui. Huenda ni rafiki yangu, alimwambia mtu mmoja kwa kutaka aniombee dua, na yule hakuweza kunyamaza. Huenda hakufungua mdomo wake kabisa. Wa kuulizwa ameshazikwa, na nilikuwa na miaka saba ya kumwuliza.

Binti yangu ndiye aliyenipeleka makaburini mara ya kwanza. Alibaki kwenye gari, mvua ilikuwa nyembamba ile isiyoisha. Makaburi ya Waislamu yako upande wa chini, udongo wake mzito, unashika viatu. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mengi. Niliposimama pale niliona kwamba maneno yale yalikuwa mazuri mno, yamepangwa kama ya darsani, nikayaacha. Nikasema, "Nisamehe, dada." Nikamsomea Fatiha, nikarudi garini na matope.

Siku hizi namtaja katika kila sujudu, kwa jina lake na jina la baba yake. Siku nyingine namtaja kwa mapenzi, siku nyingine kwa woga tu, maana najua ana haki kwangu na siwezi tena kumlipa. Naomba Mungu asinifunue mbele yake. Kisha nakumbuka ni ombi la aina gani, na ni mimi niliyewahi kuomba kinyume chake, nikiwa na ndizi mbichi mkononi, nikitaka sana afunuliwe yeye. Nanyanyua kichwa, natoa salamu kulia na kushoto, nakwenda kuwasha jiko.